Dawa Iliyomtuliza Mama Kendi

Wangari,

Mama Kendi amenunua mashine mpya ya kufulia. Ameiweka palepale, kwenye kona ileile, juu ya vigae vilevile ulivyoangukia. Siku ilipoletwa alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, akiwaelekeza wale wanaume walioibeba, kisha akanigeukia akasema, "Unaona, Mwana? Sasa naweza hata kusimama hapa." Alikuwa anajisifu, Wangari, kama mtoto aliyejua kuendesha baiskeli. Mimi nilizunguka nyuma ya kijumba chetu nikatapika kwenye maua.

Nimekusomea dua. Ungenicheka, najua, wewe na kwaya yako ya kanisa la Kangemi, lakini kwetu ndivyo tunavyowaaga watu na sikuwa na njia nyingine. Ila dua ni kukuombea wewe. Haina nafasi ya kinyaa nilicho nacho. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Nianze na wewe kwanza, kabla sijaanza na wao.

Nilipokuja kufanya kazi kwa Mama Kendi, mtaani Karen, sikujua hata kunyoosha shati. Nilikuwa nimetoka kwa mjomba mjini, msichana wa dukani, kazi yangu kupima vitambaa na kuongea na wateja. Wewe ulinitazama nikiunguza mkono wa shati la mwenye nyumba, ukaninyang'anya pasi, ukasema, "Anza na kola. Mikono baadaye. Tumbo mwisho, kama unavalisha mtoto." Miaka sita tumelala chumba kimoja, vitanda viwili na jiko la gesi katikati. Ulikuwa ukinicheka nikisema "tafadhali nipatie kisu." Ulisema naongea kama redio. "Sema leta hiyo kisu, utakufa njaa ukiendelea hivyo." Kila Jumapili jioni ulirudi kutoka kwa mamako na githeri, mahindi na maharagwe yenu, kwenye kopo la rangi, na ulikuwa unakoroma, na kila asubuhi ulikataa katakata kwamba hukukoroma.

Sasa chumba kimenyamaza kabisa. Hilo nimeshindwa kulizoea.

Ile mashine ya zamani ilianza kukushika mvua za kwanza zilipoanza. Ulikuja jikoni unakunja na kukunjua vidole. "Inapiga shoti." Ukamwambia Mama Kendi, akasema fundi atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, ikapita, ukamwambia tena. Akasema labda ni mikono yako yenye maji. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi yenyewe. Alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, na vitambaa vya meza vilikuwa bado vimelowa. Ulirudi jikoni ukamwigiza, kiuno kimepinda hivi, mkono hewani: "Vaa slipa za mpira, Wangari, umalize hivyo vitambaa. Fundi anakuja Jumatatu."

Nami nikacheka. Ulimwigiza vizuri sana. Nilicheka, nikaendelea kukata vitunguu, ukatoka.

Kilichofuata unakijua. Ni mimi niliyesikia kishindo. Ni mimi niliyekimbilia swichi kubwa, nikaizima, nikakuondoa mkono kwenye kile chuma. Ulikuwa umevaa slipa, Wangari. Ulifanya alivyokuambia.

Polisi walikuja wawili. Mmoja aliniuliza, "Ni wewe ulimpata?" Nikasema ndiyo. "Alikuwa ashaanguka?" Nikasema ndiyo. Akafunga daftari. Wakaandika ajali, wakasema watakuja kuchukua taarifa kamili ya kila mtu baada ya mazishi. Hawakuja.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo jambo lilipoharibika.

Siku mbili baada ya wewe kufa, Mama Kendi aliingia jikoni asubuhi hajachana nywele, bado na gauni la kulalia. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye friji. Akaniambia, "Aliniambia, Mwana. Aliniambia mara tatu. Asubuhi ileile aliniambia na mimi nilikuwa nafikiria vitambaa." Alikuwa anatetemeka mpaka friji ikawa inagonga ukuta. Akasema, "Tukishamzika nitaenda Kangemi kwa mamake. Nitamwambia mimi mwenyewe. Siwezi kuishi na hii." Nikakaa chini karibu naye. Nilimshika mkono, Wangari, nisamehe. Nilimwona mtu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nilimwona mtu mwenzangu, ana kosa na anajua ana kosa. Nilimchukia, lakini nilimheshimu. Hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana.

Tukakuzika. Alikuja, akasimama nyuma kabisa ya watu, hakuthubutu hata kumkaribia mamako. Nikajiambia, anajipa moyo. Ataenda.

Wiki iliyofuata hakuwa anakula. Hakuweza kupita karibu na chumba cha kufulia. Nguo tulikuwa tunapeleka kwa dobi. Nikisema jina lako anaziba masikio. Ndipo mumewe akamtafutia daktari.

Kliniki iko mjini, ghorofa ya saba, jengo la vioo ambalo mimi na wewe tumepita chini yake mara ngapi tukienda dukani kwa mjomba. Kuna dawa pale. Si ya ajabu, ni vidonge vya zamani vya presha, hata mamako nadhani amewahi kuvitumia. Ila wanavitumia kwa njia yao. Unameza kidonge, unakaa saa nzima, kisha unaandika lile jambo linalokutesa, kila kitu, ulichoona na ulichonusa, halafu unalisoma kwa sauti mbele ya daktari. Wiki inayofuata tena. Mara sita. Wanasema kumbukumbu ukiitoa inakuwa laini kama unga uliokandwa, na ukiirudisha mahali pake huku dawa imetuliza moyo, inarudi bila makali. Unakumbuka kila kitu. Hakiumi, basi.

Mama Kendi alienda mara sita. Mara ya pili alirudi akala ugali. Mara ya nne nilimsikia anaimba bafuni. Baada ya ya sita akanunua mashine.

Siku ile ya mashine, nilipomaliza kutapika, nilinawa uso nikamrudia. Nikamuuliza, "Mama Kendi, kwa mamake Wangari utaenda lini?"

"Kufanya nini?"

"Kumwambia. Ulivyoniambia jikoni."

Akafikiri kidogo. Hakuwa anajifanya, nataka ujue hilo. Alikuwa kama mtu anayetafuta miwani. Kisha akasema, "Aa, ile. Mwana, siku ile nilikuwa na mshtuko. Mtu akiwa na mshtuko hujilaumu kwa kila kitu. Daktari alinieleza." Akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. "Wewe pia unateseka, nakuona. Nimeshaongea nao. Utaenda Alhamisi, kila kitu kimepangwa."

Wangari, nilienda.

Ningependa kukuambia nilikataa. Lakini mikono yangu ilikuwa haifai tena. Nilikuwa siwezi kuchomeka pasi. Nilikuwa nashika swichi kwa kitambaa kikavu, kisha kwa mpini wa mwiko, kisha nikawa siwashi kabisa, napika kwa mkaa nje kama tuko sherehe. Nikifumba macho nanusa ile harufu. Niliunguza mkono kwa mafuta kwa sababu friji ilinguruma ghafla. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kulala usingizi wa mtu wa kawaida, basi.

Daktari si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingekuwa rahisi. Ni mwanamume wa makamo, sweta limechakaa viwikoni, sauti ya chini. Aliniambia amewatibu wanawake walionajisiwa, ambao walikuwa hawawezi kutoka nje ya mlango. Amemtibu dereva wa ambulensi. Watu hao mimi siwahukumu hata kidogo, na hata leo, baada ya yote, ningemshika mwanamke kama huyo mkono nimpandishe lifti mwenyewe. Nilimeza kidonge. Nikaandika kurasa tatu. Nilipozisoma nililia mpaka msichana wa mapokezi akaja na maji.

Na ikafanya kazi. Ijumaa yake nilichomeka pasi. Kola kwanza, mikono, tumbo mwisho. Sikutetemeka. Nilisimama pale na lile shati la moto mkononi nikashukuru, nakuambia kweli, nikashukuru kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Wiki ya pili niliandika kurasa mbili. Nikasoma, nikalia kidogo tu. Nikatoka pale nikapita dukani kwa mjomba nikala chapati nne na maharagwe, nikawasimulia wanawe kichekesho.

Wiki ya tatu niliandika ukurasa mmoja. Nikausoma. Daktari akatabasamu, akasema, "Umesikia? Hata sauti haikutetemeka." Nami nikafurahi, kama mwanafunzi aliyepata vema. Nikaikunja ile karatasi, na nilipokuwa naikunja jicho langu likaanguka kwenye mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeandika: "Nilimkuta mwanamke huyo ameanguka."

Mwanamke huyo!

Nikaifungua, nikaisoma yote kimoyomoyo. Jina lako halikuwepo. Mara tatu ulizomwambia hazikuwepo. Slipa hazikuwepo. Ulivyomwigiza, nilivyocheka, havikuwepo. Sikuwa nimeviondoa makusudi. Havikunichoma tena, basi mkono wangu ukavipita, kama unavyopita matangazo ya vifo vya watu usiowajua gazetini.

Nilienda chooni nikatia kidole kooni. Hakikutoka kitu. Kidonge kilikuwa kimeshayeyuka. Nikajitazama kwenye kioo cha choo kile kisafi chenye ua la plastiki, na yule niliyemwona alikuwa Mama Kendi. Uso uleule. Uliotulia, umepumzika. Sijawahi kujichukia hivyo.

Nikarudi kwa daktari. Nikamuuliza, "Mama Kendi alisoma nini kwenye kiti hiki?"

Akasema hawezi kuniambia, na ni sawa, hawezi.

"Basi niambie hivi. Mtu akija hapa anaumwa kwa sababu amefanya kosa, unamtibu?"

"Watu wengi wanajilaumu na hawana kosa."

"Na mwenye kosa?"

Alivua miwani akaifuta kwa lile sweta, muda mrefu. "Mimi sina kipimo cha kutofautisha," akasema. "Anakuja na maumivu, natibu maumivu. Dawa haifuti kilichotokea, dada. Ukiulizwa utajibu. Kinachoondoka ni ule msukumo."

"Msukumo wa nini?"

"Wa chochote. Wa kukimbia. Wa kulia."

"Wa kusema."

Akaivaa tena miwani. Nikamwambia, "Alikuwa anaenda kumwambia mamake Wangari. Alikuwa ameshavaa viatu, daktari. Ukamketisha." Nikaacha zile karatasi zangu mezani, nikatoka, na sijarudi.

Sikurudi Karen pia, si siku ile. Nilipanda gari la Kangemi. Nilijua kwamba nikilala usiku mmoja tu na utulivu ule nisingeenda kamwe. Hivyo ndivyo utulivu ule ulivyo. Unakuacha unajua kila kitu, umeketi.

Mamako alikuwa kwenye kibanda chake sokoni, anakatakata sukuma wiki kwenye beseni, kisu chake kile chembamba kilicholiwa na jiwe. Akafurahi kuniona. "Mwana! Kalia hii kreti." Nikakaa. Nikamwambia yote, kuanzia shoti ya kwanza. Sikubakisha. Hata kucheka kwangu nilimwambia. Aliendelea kukata sukuma mpaka nilipofika kwenye vitambaa vya meza. Hapo kisu kikasimama.

"Rudia," akasema. "Pole pole."

Nikarudia.

"Alimwambia mara tatu."

"Mara tatu, Mama."

"Na huyo mama akasema avae slipa."

"Ndiyo."

"Ngai." Alimwita Mungu kwa Kikuyu. Mwanamke alikuja kununua nyanya, mamako akampungia mkono aende. Kisha akaniuliza, "Na wewe umekaa na hii maneno miezi mingapi?"

Nikasema minne. Nikaanza kujieleza, mikono, harufu, usingizi, na katika kujieleza nikataja kliniki. Nikataja vidonge. Wangari, macho ya mamako siwezi kuyaandika. Alinitazama kama mtu aliyekuta kitu kwenye chakula.

"Mimi nalala na yeye hapa," akasema, akajipiga kifua kwa ngumi iliyoshika kisu. "Kila siku. Naamka na yeye. Hakuna mtu ameniambia kuna dawa, na hata angeniambia singeenda. Na wewe rafiki yake umeenda kumeza dawa akutoke? Alikukosea nini?"

Nikaanza kuinuka kwenye kreti.

"Toka kwa kibanda yangu."

Nikatoka. Ubaya wenyewe ni kwamba sikulia. Nilijua hapo mtu anapaswa kulia, nilikuwa naona kabisa mahali pa kulia palipo, na hapakuwa na kitu. Nilitembea mpaka barabara kuu ya Waiyaki Way macho makavu, nimechukia kila kiungo cha mwili wangu.

Asubuhi yake, saa moja, simu ikalia. Mamako. Hakusalimia. "Vaa. Tunaenda stesheni, kwa polisi."

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Njia nzima hakuniongelesha, lakini tulipofika kwenye foleni alinivuta mkono nisimame mbele yake. Askari aliyetupokea alikuwa kijana, mwandiko mzuri. Nikaeleza. Aliandika, akasimama, akanitazama, akaandika tena. Nilipomaliza akaweka kalamu chini. "Madam, unasema huyu alikuwa rafiki yako?"

"Ndiyo."

"Miaka sita, chumba kimoja."

"Ndiyo."

"Mbona unaongea hivi? Unaongea kama mtu anasoma risiti."

Ndipo nilipoona uchafu wote wa jambo lile. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi wako. Nilikuwa nayo, nzima, siku ile nilipokuondoa mkono kwenye chuma, na nilienda kuiacha ghorofa ya saba nipewe usingizi badala yake.

Ni mamako aliyejibu. Aliegemea kaunta akasema, "Andika tu, kijana. Yeye alikunywa dawa. Mimi sikukunywa. Kama unataka mtu wa kulia nitakulilia mimi, lakini andika ile kitu amesema." Askari akaandika.

Wakamwita Mama Kendi. Nilidhani atakana. Mamako alidhani atakana, alikuwa amejiandaa, alikuwa na maneno ameyapanga tangu asubuhi. Tulikuwa kwenye benchi la nje, mlango wazi, tunasikia. Mumewe alikuwa amekuja na wakili, na wakili akawa anasema usijibu hilo, usijibu hilo. Mama Kendi akamjibu askari kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Ndiyo, aliniambia. Mara tatu. Ya mwisho ilikuwa asubuhi ile, kama saa tatu na nusu. Nilimwambia avae slipa amalize vitambaa."

Wakili akasema jina lake kwa nguvu. Mama Kendi akasema, "Kwa nini nisiseme? Ndivyo ilivyokuwa. Nimeshakubaliana nalo."

Nimeshakubaliana nalo! Kama vile wewe ni bei.

Mamako aliinuka. Akaingia mlangoni, hakuna aliyemzuia, akasimama mbele yake. Wanawake wawili, mmoja na koti la kanisani, mwingine na mkufu. Mamako akamtazama usoni, akatafuta, nakuambia alitafuta, macho yake yalipita kila mahali kwenye ule uso, paji, midomo, shingo, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nyasi. Mama Kendi akampa mkono. "Pole sana, mama," akasema. Vizuri kabisa. Kwa adabu.

Mamako hakuushika ule mkono. Akageuka, akatoka, akakaa kwenye benchi. Baada ya muda akaniambia, "Nilitaka aone haya. Ukweli nimepata. Ile haya wamemtoa, wameitupa wapi?"

Nilienda Karen mara moja tu baada ya hapo, kuchukua nguo zangu na kopo lako la githeri nimpelekee mamako. Mama Kendi alinifungulia mwenyewe. Hakunifukuza, hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu nikifunga mzigo, akasema, "Sikuchukii, Mwana. Ulifanya ulichoona ni sawa." Nilikaza kamba ya mzigo. Akasema tena, chini kidogo, "Kuna kitu nataka kukuuliza. Siku ile jikoni, nilikuwa nimekaa sakafuni, sivyo? Nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa unalia."

"Nakumbuka sakafu. Nakumbuka ilikuwa baridi." Alikunja uso. "Nimejaribu kulia juzi, nikajifungia chumbani. Nilijua napaswa. Haikutoka." Halafu akanitazama, na kwa dakika moja, Wangari, nadhani aliogopa. Nadhani aliona shimo mahali alipokuwa amesimama. Nikangoja. Nilisimama na mzigo mkononi nikangoja lile jambo lirudi kwake, nilitaka lirudi, nilitaka nimwone tena yule mtu wa sakafuni.

Simu yake ikaita. Akaitazama, uso ukakunjuka. "Utakunywa chai kabla hujaenda?" akaniuliza.

Nikatoka bila kumuaga. Mpaka geti nilikuwa nahisi ule utulivu wake umenishika nguo kama harufu ya kidimbwi.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Faili lako si la ajali tena. Limepelekwa mahakamani na sisi tutaitwa mwezi ujao. Wakili wake anasema uzembe mdogo, wetu, aliyepatikana kupitia kanisa la mamako, anasema si mdogo. Sijui itakuwaje. Nimerudi dukani kwa mjomba, napima vitambaa. Mamako hajanisamehe, lakini Jumapili iliyopita aliniita nikamsaidie kupanga viazi, akanipa uji, akanirekebisha nilipovipanga vibaya. Nitaenda tena Jumapili hii.

Na jana kuna kitu kilitokea. Aliingia mteja, mama mmoja mzee wa Kikuyu, anataka kitambaa cha meza. Nikamkunjulia kimoja cheupe, akaushika ukingo, mimi nikaushika wa pili, tukakinyoosha katikati yetu. Na bila sababu, bila kukuwaza hata, nikaanza kulia. Si kulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, makamasi, mjomba akatoka stoo anakimbia. Yule mama hakuuliza kitu. Aliushika upande wake wa kitambaa hivyo hivyo, hakuuachia, akangoja mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Haya. Hicho kinanitosha. Nifungie."

Iliuma, Wangari. Iliuma vibaya sana, na nilifurahi.

Lala sasa. Mwezi ujao nitasimama pale mbele nitaje jina lako lote, la kwako na la babako, nimwambie hakimu kwamba ulisema mara tatu, niseme slipa, niseme nilicheka. Sitaruka mstari. Wakinionea huruma wakanipa maji nitakunywa maji, na kitu kingine chochote watakachonipa cha kunituliza nitakitema mbele yao. Nakuahidi hilo. Na mamako nitamshika mkono akinikubalia, na asiponikubalia nitakaa benchi moja naye.

Mungu akulaze pema, rafiki yangu. Wako,

Mwanaidi